Jina la Marehemu kwenye Seva ya Kasulu

Wanaosimulia mambo haya hupenda kuanza na usiku wa manane. Mbwa wabweke, mwezi ujifiche, bundi alie. Mimi sina hayo. Yangu yalinikuta saa kumi jioni, kwenye kibaraza cha ofisi ya watu, kikombe cha chai ya maziwa mkono mmoja na andazi mkono wa pili. Niliongea na mtu aliyekwisha kuzikwa. Tukaongea habari za kompyuta, tena tukabishana. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, nakupa nafasi. Ukimaliza nisikilize, maana hapa sijatia chumvi hata punje.

Kwanza ujue kwamba mimi si mwepesi wa kuamini. Kwetu ni Tanga, na habari za majini nimezisikia tangu nanyonya. Shangazi yangu mmoja alikuwa na jini lililompanda kila khanga mpya zilipoingia madukani, na halikutulia mpaka mumewe aende kununua. Mtu aliyekulia nyumba ile ataamini nini tena? Kwa hiyo usinifikirie kuwa ni mtu wa kutetemeka akisikia mlango unalia.

Kazi ndiyo iliyonitoa pwani ikanipandisha mpaka Kibondo. Nilikuwa na kibanda karibu na soko, natengeneza kompyuta na mashine za kuchapia. Mwaka ninaousema ni 2015, ule ambao Warundi walianza kuvuka tena. Kambi ya Mtabila ilikuwa imefungwa miaka mitatu nyuma, watu wakaambiwa kwao kumetulia, wakarudi. Sasa wengine walikuwa wanakuja tena na watoto waliozaliwa hukuhuku. Kambi ya Nyarugusu ikafurika mpaka ikabidi watu wahamishiwe upande wetu wa Kibondo. Nikiwa kibandani niliyaona mabasi yakipita yamejaa watu na magodoro, na nilikuwa nikiyaangalia tu kama mtu anavyoangalia mabasi. Baada ya siku hii ninayokusimulia sikuweza tena.

Mvua zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja akanipigia Bi Hosiana, mkuu wa ofisi ya shirika moja kule Kasulu. Jina la shirika naliacha, halina kosa na sitaki lisumbuliwe. Kazi yao ilikuwa kuwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao njiani. Akaniambia seva yao, kompyuta mama ya ofisi, imekufa tangu Jumatatu na hawana fundi, wananitumia gari. Nikapanda na begi langu la vifaa, tukateleza kwenye tope lile unalolijua mpaka Kasulu.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga, na seva walikuwa wameiweka kwenye chumba kilichokuwa stoo. Dirisha la chumba hicho, la nondo na wavu wa mbu, lilifungukia kibarazani. Kibarazani palikuwa na benchi, na kwenye benchi ameketi mama mmoja Mrundi, mwembamba, mgongo ameunyoosha wima. Nilipopita akaniinukia, akanisalimia kwa Kirundi.

"Mwiriwe, bwana fundi. Ile mashini itafunguka leo?"

"Inshallah itafunguka, mama."

Alikuwa anaitwa Spesioza. Bi Hosiana akanieleza habari zake tukiwa ndani. Alipotezana na binti yake, Keza, mtoto wa miaka kama sita, kwenye msongamano wa watu pale ziwani walipovuka. Mwenyewe akaugua vibaya, akalazwa Kigoma kwa miezi, na wiki chache tu zilizopita ndipo alipofikishwa Nyarugusu. Aliposikia kuna ofisi yenye majina na picha za watoto, akaomba aletwe. Alipofika, seva ikawa imekufa. Na kesho yake asubuhi jina lake lilikuwa kwenye basi la kwenda Kibondo. Akishahamia huko, kurudi Nyarugusu kutafuta mtoto hema kwa hema ni vibali juu ya vibali, na kuna watu wamezeekea kwenye vibali. Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo: mtoto apatikane leo, au mama apande basi bila kujua anamwacha nyuma au la.

Nikauliza swali ambalo kila fundi huuliza. "Kuna mtu amegusa chochote kabla haijafa?"

"Hakuna," akasema Bi Hosiana. "Hakuna aliyegusa kitu."

Wewe unayefanya kazi hii unacheka, najua. Hujawahi kufika mahali wakakwambia tumegusa. Nikauliza nani aliyeitengeneza mwanzo. Akaniambia ni Fidelis, fundi wao na mpiga picha za watoto, mtu wa Mbinga. Alishikwa na homa mwezi wa nane, akafariki, wakamsafirisha kwao. Nikampa pole, nikaketi.

Nikueleze kidogo mambo ya ndani, sitakuchosha. Kanzidata ni programu inayotunza habari zote za ofisi, na programu hiyo ikiamka haijui kitu. Haijui hata mali yake iko wapi. Inaiuliza kompyuta: naamka kwa jina la nani, na folda yangu ni ipi? Majibu yake yameandikwa pembeni, maneno mafupi mafupi, sisi mafundi tunayaita vigezo vya mazingira. Kikikosekana kimoja, programu inagoma. Ni sawa na mpishi uliyemleta nyumba ngeni bila kumwonyesha stoo. Atapika nini?

Hii ya kwao ilikuwa imegoma hivyohivyo. Ilisema haijui iamke kwa jina la nani wala data iko wapi. Nikatafuta. Kwenye diski ya kwanza nikaona folda imeandikwa Data, pale ambapo fundi yeyote angeiweka. Kwenye diski ya pili kulikuwa na folda nyingine iliyofungwa, haikubali kufunguka. Nilipouliza mmiliki wake ni nani, kompyuta ikanipa namba ndefu kama treni, haina jina. Nikadhani ni mabaki ya mambo ya zamani, nikaipita. Nikaandika kigezo kinachoelekeza kwenye ile ya kwanza, nikaiamsha programu kwa jina langu. Ikaamka!

Walipiga makofi, niamini. Bi Hosiana akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" na mimi kichwa kikavimba. Akaketi mwenyewe kwenye kibodi, akaandika Keza, akaandika jina la mama yake, akaandika tarafa waliyotoka. Tukasubiri. Hakuna. Akajaribu kwa kubadilisha herufi. Hakuna. Akajaribu kwa umri. Walitokea watoto, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa Keza.

Alitoka nje kumwambia Spesioza, na mimi nilimsikia kupitia dirishani. Alimwambia kwa upole, hilo nalisema kwa haki yake. Mtoto hayumo humu, mama, jina lako tutalitunza, kesho panda basi na wenzako. Spesioza hakulia. Alisema tu, "Angalia tena." Bi Hosiana akasema ameangalia tena. Nikasikia radi, halafu mvua ikashuka kwa nguvu juu ya bati hata sikusikia kingine.

Dereva wangu akasema hatutoki mpaka ipungue. Basi nikaenda kibarazani kunywa chai. Aliyeniandalia ni Mama Bukuru, Muha wa palepale Kasulu, mama mtu mzima anayepika chai ya ofisi na kufagia. Alikuja na sinia, akatupa kila mtu chake. Kikombe kimoja kilichobaki, cha bati, cheupe chenye mstari wa buluu, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha la seva, akaenda zake jikoni. Nikadhani ni cha mtu aliyetoka kidogo.

Nilipogeuka, mwenye kikombe alikuwepo.

Alikuwa ameegemea ukuta kando ya dirisha. Mtu mwembamba, sweta la kijivu, kifungo kimoja kimeshonwa cha rangi nyingine. Kitu kimoja kilinishangaza kidogo, lakini kidogo tu: viatu vyake. Sisi sote siku ile viatu vyetu vilikuwa madonge ya tope. Vyake vilikuwa vikavu, vimejaa vumbi jekundu, lile la kiangazi la mwezi wa nane. Nikajisemea, huyu anaishi jirani sana, au hana kazi ya kumtoa ndani.

"Umeiamsha?" akaniuliza.

"Nimeiamsha."

"Imekwambia siku yake ya mwisho ni lini?"

Sikumwelewa. Akasema, "Iulize habari ya mwisho iliyoandikwa humo ni ya lini."

Kusema kweli nilikasirika. Ndiyo kwanza watu wanipigie makofi, halafu mtu na sweta lake aje kunipa mtihani? Nikamwambia kama anaijua sana kazi hii aingie ndani tuangalie wote. Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi siwezi kuingia. Jina langu halipo tena humo." Alivyolisema aliangalia chini, na hasira yangu ikaniishia palepale. Nikajua huyu ni mfanyakazi aliyeachishwa, anaona aibu kukanyaga ofisi. Yamewakuta wengi. Kuuliza si ujinga, nikajisemea, ngoja niulize hiyo siku ya mwisho.

Nikaingia. Nikaiuliza kanzidata habari yake ya mwisho ni ya lini. Ikanijibu: mwezi wa sita.

Hawa watu walikuwa wakiandikisha watoto kila siku mpaka wiki iliyopita. Ya mwezi wa saba iko wapi? Ya mwezi wa nane? Niliyoiamsha ilikuwa kanzidata ya zamani, nzima kabisa, inayojibu vizuri kabisa, ila ilikuwa imelala tangu mwezi wa sita na haijui lolote lililotokea baadaye. Na kwa kinywa cha kitu hicho, mama wa watu ameambiwa mtoto wake hayumo. Programu iliyokufa haina madhara makubwa, utaiona imekufa. Inayoamka mahali pasipo pake ndiyo inayotisha, kwa sababu itakujibu na utaamini.

Nikarudi mbio dirishani. Alikuwa bado pale, upande wa nje wa nondo, uso karibu na wavu.

"Mpya iko wapi?" nikamuuliza. Wala sikukumbuka salamu wala heshima.

Akaniambia. Diski ya kwanza ilianza kukwaruza mwezi wa sita, akaogopa itakufa na watoto wote ndani. Akahamishia data diski ya pili usiku huohuo. Kwa haraka akakiandika kigezo chini ya jina lake peke yake, na programu akaiacha iamke kwa jina lake, akitegemea atakirekebisha kiwe cha mashine nzima atakapopata nafasi. "Nafasi sikuipata," akasema. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Nani anauliza mtu aliyeachishwa kazi kwa nini hakupata nafasi?

"Kwa hiyo ile iliyofungwa, yenye namba?"

"Ndiyo hiyo. Usiiogope namba."

Nikaifungua kwa nguvu zote za kifundi nilizonazo, nikajiandika mimi ndiye mmiliki. Nikaandika kigezo kipya, safari hii si kwa jina la mtu, kwa mashine yote. Nikaiuliza tena siku ya mwisho. Mwezi wa sita! Nikaandika upya, nikahakiki herufi moja moja. Mwezi wa sita. Jasho likanitoka na baridi yote ile ya mvua. Nje nikasikia gari la kurudisha watu kambini linapiga honi, na Bi Hosiana anamwita Spesioza apande.

"Fundi," nikasikia kutoka dirishani, polepole kama mtu anayemwongelesha mgonjwa. "Aliyekwisha kuamka hasikii. Amebeba alichoambiwa wakati anaamka, hata ukimpigia kelele. Mzime kabisa, umwamshe upya."

Ulishawahi kujua kitu miaka kumi na ukakisahau siku unayokihitaji? Nilikuwa nimeandika jibu jipya, lakini programu ilikuwa imeamka zamani na jibu la kale. Nikaizima. Nikaacha kidogo. Nikaiwasha. Nikaiuliza.

Ijumaa iliyopita.

Nilipiga ukelele uliomleta Bi Hosiana amelowa nusu. Sikumweleza kitu, nilimwonyesha kiti. Akaandika Keza. Na Keza akatokea, na picha yake. Mtoto amevaa kofia ya sufu ya njano imevutwa mpaka kwenye nyusi, amenuna kama mtu aliyedhulumiwa. Aliandikishwa mwezi wa saba. Jina la mama: Spesioza. Anaishi na mama mlezi, kambi ileile ya Nyarugusu, mtaa ambao mama yake angeufikia kwa miguu kabla maharage hayajaiva. Wiki zote hizo walikuwa wanachota maji ya kambi moja.

Bi Hosiana akaweka mkono mdomoni. "Gari limeondoka," akasema. "Atakuwa ameondoka nalo."

Tukakimbilia nje. Spesioza alikuwa ameketi palepale kwenye benchi, mgongo wima, matone ya mvua yanamrukia miguuni.

"Mama, mbona hukupanda gari?" Bi Hosiana alimuuliza karibu kwa ukali, ni hofu tu ilikuwa inamtoka.

"Yule baba wa hapa ku dirisha kasema ningoje kidogo. Kasema fundi hajamaliza."

Tuliangalia dirishani sote. Palikuwa na kikombe tu. Bi Hosiana akauliza baba gani, na mimi ndiye niliyejibu, tena kwa kumlaumu. Nikamwambia ni yule kijana mliyemwachisha kazi, mwenye sweta la kijivu, na kama mngekuwa na busara mngemrudisha, maana bila yeye leo mtoto angebaki huku na mama angekwenda kule. Akaniambia hawajamwachisha kazi mtu yeyote. Nikaeleza kifungo cha rangi nyingine.

Basi ndipo alipokaa chini, kwenye sakafu yenye maji, mkuu wa ofisi mzima. Kifungo kile alikishona yeye mwenyewe, kwenye sweta la Fidelis, wakati wa baridi za mwezi wa sita. Alizikwa nalo.

Nilikwambia sikuogopa? Hapo niliogopa. Lakini Mama Bukuru alikuwa ametoka jikoni kusikiliza, na yeye swali lake lilikuwa moja. "Amekunywa chai?"

Tukakiangalia kikombe. Kilikuwa kimejaa vilevile, mpaka kwenye ukingo. Ila nilipokishika kilikuwa baridi kama kimetolewa mtungini, na changu, nilichokiacha kwenye benchi wakati uleule, bado kilikuwa kinatoa mvuke. Mama Bukuru akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kanywa," akasema.

Spesioza ndiye pekee ambaye hakushtuka. Labda kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anasubiri kitu kingine. Nilimpeleka ndani, akaiona picha. Akaweka kidole kwenye skrini, kwenye ile kofia, hakukiondoa. Akasema, "Mutoto wangu. Hiyo kofia si yake. Nani kamupa kofia?" Na akacheka, na kucheka kule kukageuka kilio, nasi wote tukalia naye, sioni aibu kusema.

Bi Hosiana alisema ukweli jioni ileile, bila kubanwa. Kuna kitu waligusa. Kila asubuhi seva ikiwashwa huonyesha majina ya watumiaji wake, na kando ya kila jina picha ndogo. Fidelis alikuwa wa kwanza, anatabasamu. Baada ya mazishi watu walishindwa kuingia chumba kile. Walisali, haikusaidia. Ijumaa iliyotangulia, Bi Hosiana akaona heshima ni kulifuta jina la marehemu, asiwe anachekelea watu wakati yuko kaburini. "Mashine ikaniuliza, nifute na vitu vyake? Nikashindwa, fundi. Vitu vya mtu! Nikabonyeza hapana."

Hapana hiyo ndiyo iliyowaokoa watoto wote wale. Umeelewa sasa? Tangu mwezi wa nane mpaka Ijumaa ile, programu ilikuwa inaamka kila siku kwa jina la mtu aliyezikwa Mbinga, inafuata njia aliyoiandika yeye, na ofisi nzima inaendelea na kazi. Walipolifuta jina, hakuna aliyebaki wa kuiambia iende wapi, na kwenye folda yake ikabaki ile namba ndefu tu mahali pa jina.

Mama Bukuru alikuwa na lake la kusema na alilisema. "Ninyi maiti mliipeleka kwao, dereva akarudi, kesho yake mkafungua ofisi. Hapa alipokaa miaka yote nani alikaa matanga? Hamkukaa. Mmemfuta kama chaki. Mimi nilikataa kuondoa kikombe chake, kwa sababu hakuna aliyeniambia msiba umekwisha."

Nililala Kasulu ili asubuhi niende nao kambini. Ningeweza kurudi Kibondo, hakuna aliyenilazimisha, lakini nani angelala? Jina la Spesioza lilikuwa limetolewa kwenye basi. Alitembea mbele yetu kwa kasi mpaka Bi Hosiana akapoteza kiatu kwenye tope. Keza alikuwa nje ya nyumba ya mama mlezi wake, anamenya muhogo, kofia ya njano kichwani. Alimwangalia mama yake kwa muda mrefu bila kusimama. Halafu akasema kitu kwa Kirundi, nikatafsiriwa baadaye. Alisema, "Umechelewa." Ndipo mama alipopiga magoti kwenye tope na mtoto akaacha muhogo.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza Keza, kupitia kwa mama mlezi, kofia alipewa na nani. Akasema na mtu wa picha. Siku aliyopigwa picha alikuwa anatetemeka na homa, yule mtu akavua kofia yake mwenyewe akamvika.

Matanga yalikaliwa Jumamosi, palepale ofisini, na mimi nilirudi kutoka Kibondo kwa ajili hiyo. Wakristo walisali, mimi nikasoma dua yangu kimoyomoyo, tukala ugali wa muhogo na maharage, kila mtu akasimulia kidogo kuhusu Fidelis. Nilicheka sana, alikuwa mbishi kama mimi. Mwisho Mama Bukuru akakiosha kile kikombe, akakipangusa, akakiweka kabatini pamoja na vingine. Chai ilipoletwa nikapewa changu, nikanywa mpaka katikati ndipo nikauona mstari wa buluu. Nilikaribia kukitupa. Mama Bukuru akanikazia macho. "Kunywa. Amekurithisha."

Tangu hapo mimi ndiye fundi wa seva ile, mpaka shirika lilipohama. Na nikwambie jambo la mwisho, ambalo sijamwambia Bi Hosiana. Ile folda ya diski ya pili niliiandika kwa jina langu, unakumbuka? Nilirudi mwezi uliofuata kuikagua, nikaiuliza mmiliki wake ni nani. Haikuandika jina langu. Haikuandika ile namba ndefu. Iliandika Fidelis. Nikatafuta kwenye orodha ya watumiaji wa mashine, jina hilo halimo, lilikuwa limefutwa na limebaki limefutwa. Fundi yeyote atakwambia haiwezekani, na mimi ni fundi, nakwambia haiwezekani. Ningeweza kubadilisha, ni kubonyeza mara mbili tu. Mkono ulifika, nikaurudisha.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku ukifiwa na mwenzako kazini, usikimbilie kufuta jina lake ili roho yako itulie. Kaeni matanga kwanza. Halafu uliza taratibu jina lile lilikuwa linashikilia nini, na watoto wa nani wako chini yake. Na mashine ikikujibu hakuna, iulize siku yake ya mwisho kabla hujamwambia mama wa mtu aende zake.

Na ukimwona mtu amesimama kibarazani kwako wakati wa mvua, viatu vyake vina vumbi la kiangazi, usipige kelele. Mpe chai. Huenda kuna kazi hajaimaliza, na hawezi kuingia mwenyewe.